Shati la Rais Halitiwi Wino

Pasi ya mkaa haina urafiki. Ukiiacha imelala juu ya suruali huku umegeuka kumtazama mgeni, inakula kitambaa, na kama suruali yenyewe ni ya Katibu wa Chama, imekula na wewe pia. Ndiyo maana Dobi hakugeuka aliposikia viatu mlangoni. Aliinua pasi kwanza, akaisimamisha juu ya kipande cha bati, akapangusa jasho lililomwingia machoni, ndipo akatazama. Mlangoni alikuwa Katibu mwenyewe, ameinamisha kichwa asigonge mabati.

Katibu haji pale. Nguo zake huletwa na tarishi na kufuatwa na tarishi. Leo, siku moja tu baada ya kupiga kura, mtaa mzima ukingoja kusikia matokeo, mkubwa kama huyo kuja kwa miguu yake kwenye kibanda cha mabeseni na moshi, hilo halikuwa jambo la heri. Tena amekuja bila tarishi, na kwapani ameshika bahasha ya kaki.

"Suti itakuwa tayari kabla ya adhuhuri, mheshimiwa," Dobi alisema. "Limebaki koti tu."

"Sikufuata koti. Mama yuko wapi?"

"Yuko uani na mke wangu, anasuuza."

"Mwite. Halafu funga mlango."

"Mlango ukifungwa, mheshimiwa, moshi wa mkaa hautavumilika."

"Funga."

Akafunga. Angefanya nini? Kibanda kilisimama kwenye kiwanja cha Chama, maji ya kufulia yalitoka kwenye bomba la Chama, na ruhusa ya kuyachota ilitoka kinywani mwa huyu huyu aliyesimama mbele yake akijipepea kwa bahasha.

Mama aliingia akijikausha mikono kwenye nguo yake ya kiunoni. Mikono ile ilikuwa imefua nguo za mji huu tangu wenye mji walipokuwa wageni wenye kofia, mpaka bendera ikabadilishwa na wenye nguo wakabadilika, ila uchafu wa kwenye kola ukabaki ule ule. Macho yake yalikuwa yamechoka. Ilimbidi amsogelee Katibu ndipo amtambue, na alipomtambua akafurahi kweli.

"Kumbe wewe, mwanangu. Ngoja nikupangusie kiti, hicho kina maji." Akakipangusa. "Unamwona huyu?" akamwambia mwanawe, kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa. "Kaptula zake za shule nimezifua mimi. Mifuko yote wino. Nilikuwa namwambia mama yake, mtoto huyu atakuwa karani au atakuwa mwizi wa kalamu."

Siku nyingine Katibu angecheka. Leo alitabasamu upande mmoja, akakaa, akasema, "Mama, nionyeshe kidole chako gumba. Cha kulia."

Mama akakitoa bila kuuliza. Katikati ya kidole kile kulikuwa na kovu refu, limekata nyama juu hadi chini, kumbukumbu ya pasi iliyomwangukia akiwa msichana. Bado kilikuwa na weusi wa wino wa jana kwenye mikunjo. Katibu alifungua bahasha, akatoa karatasi, akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi, juu ya mguu wa suruali yake mwenyewe.

Dobi aliitambua. Yeye pia alipewa kama hiyo jana. Juu ilikuwa na picha ya Rais, amevaa shati jeupe, anatabasamu. Chini ilikuwa na mraba mweusi, mtupu. Picha ni ndiyo, weusi ni hapana. Anayejua kalamu aliweka alama kwa kalamu, asiyejua alichovya dole kwenye wino. Picha ya hii ilikuwa safi kabisa. Dole lilikuwa kwenye weusi, limeenea hadi kwenye ukingo mweupe wa karatasi, na pale ukingoni, katikati ya wino, ulionekana mstari mtupu ambao wino haukuushika. Kovu.

Mwaka jana lori la Chama lilimchukua seremala wa mtaa wa pili kwa sababu ya mzaha alioutoa akiwa amelewa. Mkewe mpaka leo anazunguka ofisi hadi ofisi akiuliza, na kila ofisi inamwambia ajaribu ya jirani.

"Mheshimiwa," alisema, "kura si siri?"

"Ni siri," Katibu akasema. "Siri ya Chama. Mama, hili ni dole lako?"

Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. "Ni langu. Kwani nimekosea? Nimechafua?"

"Wilaya nzima, mama. Wilaya nzima watu wamesema ndiyo. Kura ya hapana ni moja tu, nayo imetoka kwenye mtaa wangu. Mkuu wa Wilaya ameiona kwa macho yake wakati wa kuhesabu. Nataka uniambie mimi, mwanao, kabla hujaulizwa na wengine. Rais amekukosea nini?"

"Rais?" Mama alishangaa. "Anikosee nini? Hata hatujuani. Si ndiyo maana sikumgusa?"

Katibu akaitazama tena ile picha.

"Mwanangu, tazama shati lile," mama akasema, taratibu, kwa sauti ya kumfundisha mtu kazi. "Jeupe, limepigwa pasi vizuri, hata kola imekaa. Kijana wa kituoni ananichovya kidole kwenye wino, ananiambia haya mama, weka. Niweke wapi? Nimpake wino mtu mzima kifuani? Au usoni, baba wa watu? Wino hautoki. Ndimu haitoi, jua halitoi, hata ukisugua mpaka kitambaa kichanike. Nikaona pale chini peusi. Pale hata doa likiingia halionekani. Nikaliweka pale, nikaondoka, sikumharibia mtu nguo yake."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Katibu alikuwa amefungua kinywa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka akatoa kitambaa cha mkononi na kujifuta macho, na Dobi akacheka naye kwa pumzi ya kupona. Ameelewa. Mungu mkubwa, mtu huyu ameelewa.

"Lakini kwenye mkutano nilieleza," Katibu akasema, akiendelea kucheka.

"Ulieleza. Ulisema kura ni kuweka dole kwenye karatasi. Bibi mmoja akakuuliza, na huo weusi wa chini ni wa nini? Ukamjibu, huo msiuulize, hautuhusu, hauna kazi mtaa huu. Si mimi peke yangu niliyesikia. Nami nikasema, kama hauna kazi, basi ndio mahali pa kupangusia dole."

Kicheko kilikatika. Dobi aliuona uso wa Katibu ukibadilika, akatamani amzibe mama yake mdomo kwa kitambaa cha maji. Maneno yale yalikuwa kweli tupu, na ndipo ubaya wake ulipokuwa. Mkutano mzima ulisikia. Katibu alikuwa ameona aibu hata kulieleza neno hapana, akaona kulieleza ni kulifundisha. Mama yake alikuwa amemwonyesha, bila kujua, ni nani aliyeileta kura ile.

"Mama," Katibu akasema, akirudisha karatasi kwenye bahasha, "rudi kwenye nguo zako. Nimekuelewa."

"Kama ni kosa nipeni nyingine niweke tena. Mtanionyesha pa kuweka."

"Nenda, mama."

Akaenda. Mlango wa uani ulipofungwa, Katibu alijipepea tena kwa bahasha. Alilitazama koti lake lililotundikwa ukutani, akavuta uzi uliokuwa umechomoza kwenye mkono wa koti, akaukata kwa meno.

"Ni mzee," Dobi akasema. "Umemsikia mwenyewe. Mpe hiyo karatasi nyingine, mheshimiwa. Nakuomba. Nani atajua?"

"Mkuu wa Wilaya anajua. Na ameshapiga simu juu." Katibu alizungumza kwa upole sasa, na upole ule ulitisha kuliko ukali. "Nikaseme nini kwake? Kwamba dobi mmoja ameogopa kumchafulia Rais shati? Watacheka, kama nilivyocheka mimi. Wakimaliza kucheka wataniuliza, na wewe Katibu, ulikuwa unafundisha nini? Huko juu hawataki hadithi. Wanataka mtu."

"Mtu gani?"

"Kikongwe asiyejua kusoma hawezi kufikiri hapana peke yake. Hapo tumekubaliana?"

Dobi aliisogeza pasi juu ya bati.

"Nakuuliza. Mama yako ana akili ya kumpinga Rais?"

"Hana, mheshimiwa."

"Vizuri. Kwa hiyo ama lori linakuja kumchukua yeye, akawaeleze mambo ya ndimu na wino, na umri ule, na kifua kile kibovu. Ama kuna mtu alimtia maneno. Mimi simjui. Nakuuliza vitu vidogo tu, nawe unijibu kweli. Sitaki useme uongo hata kidogo. Mna mpangaji?"

Moshi ulikuwa umejaa chumba. Mkaa ndani ya pasi ulilia, pa, kisha ukatulia.

"Tunaye."

"Chumba cha uani. Mwalimu wa shule ya msingi."

"Ndiyo."

"Jioni huwa anakaa na ninyi?"

"Huwa anakaa. Anakula kwetu."

"Huwa anasoma gazeti?"

"Huwa anasoma."

"Anajisomea kimoyomoyo au anawasomea?"

"Anamsomea mama. Mama anapenda kujua bei za vitu."

"Bei za vitu," Katibu akasema. "Na zikipanda, mwalimu husema nini?"

Hapo Dobi alijua. Asije mtu akasema hakujua. Aliliona shimo, na aliona linachimbwa kwa ajili ya nani, na kila jibu alilotoa lilikuwa koleo moja la mchanga. Akasema, "Husema tu, kama watu wanavyosema. Maisha magumu."

"Maisha magumu. Na jana, nani alimpeleka mama kituoni?"

Kituoni mama alipelekwa na mwalimu. Alimshika mkono kwa sababu njia ina mashimo, na Dobi mwenyewe ndiye aliyemwomba, kwa sababu yeye alibaki anapiga pasi mashati ya Katibu ya siku ya sherehe, na alikuwa ameambiwa yasichelewe.

"Nijibu. Nani?"

"Mwalimu."

Katibu akainuka. Alimpiga Dobi begani, kofi dogo la kirafiki, kisha akautazama mkono wake kama umeshika majivu.

"Umeona? Hujamsingizia mtu. Koti tarishi atalifuata. Na mwambie mama asiongee ongee mambo ya mkutano."

Mlango ulipofunguliwa hewa iliingia, na Dobi akaivuta kwa nguvu. Alikuwa na furaha. Aliisikia kabisa ile furaha ya aibu, ya mtu aliyeona lori likipita mlango wake. Kisha akamsikia mama huko uani akimwambia mkewe, "Mtoto yule ana adabu, amenielewa," na furaha yote ikageuka nyongo.

Vijana wawili wa Chama walikuja wakakaa kwenye kizingiti cha kibanda, wakachora drafti kwa chaki juu ya ubao, wakacheza kwa vifuniko vya chupa. Hawakusema wamefuata nini, na Dobi hakuuliza. Alilipiga pasi koti mara mbili, likanyooka mara mbili.

Kengele ya shule ilipolia ya mapumziko, akaanza kuhesabu maneno. Ondoka. Pita nyuma. Usiingie. Yalikuwa maneno mafupi, mtu angeweza kuyasema akijifanya anakohoa. Mwalimu alitokea kwenye kona na suruali yake ya vumbi la chaki, mrefu, mwembamba, anatembea kwa kuyumba kidogo kama mtu anayesikiliza wimbo. Hakuna aliyemchukia mtaani. Aliwaandikia watu barua bure na kuwatania wake zao mbele ya waume zao, na waume wakacheka.

"Kaka," alisema mlangoni, akiwaruka wale vijana, "nchi imechagua, sisi bado tuna njaa. Shati langu vipi?"

"Tayari." Dobi alilitoa. Alikuwa amelifua na kulinyoosha vizuri kuliko lilivyostahili. "Mwalimu, wewe leo huna safari?"

"Safari ya wapi? Kesho watoto wana mtihani."

"Nilidhani ulisema una safari. Kwenu. Kumwona mzazi."

Mmoja wa wale vijana aliacha kucheza. Kifuniko kilibaki kimeshikwa vidoleni.

Mwalimu alimtazama Dobi usoni kwa kitambo. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, ndivyo wanafunzi wake walivyosema, na pengine alielewa nusu. "Kaka, unaumwa? Umekuwa na rangi ya majivu."

"Ni huu moshi," Dobi akasema. Basi. Neno lilikuwa pale pale ulimini, akalimeza.

"Mwalimu," kijana mmoja akasema, akiinuka na kujikung'uta, "Katibu anakuita mara moja. Kikao kidogo."

"Nile kwanza?"

"Utakula huko huko."

Mwalimu akalitazama shati alilokuwa ameshika, akalitazama na lile alilovaa. "Kama ni kikao, nibadilishe," akasema, na akabadilisha pale pale, mbele ya meza ya pasi, akafunga vifungo hadi shingoni. Mama alitoka uani na sahani mkononi, akamwambia awahi kurudi, chakula kikipoa hakirudi ladha. "Nakuja, mama," akasema. Akaenda katikati ya wale wawili, amenyooka, nadhifu kuliko wote barabarani.

Chakula kilipopoa mama akauliza. Kilipoota utando akauliza tena, na safari hii mkewe Dobi, ambaye ukuta wa mabati haukumnyima neno hata moja la asubuhi, akasema bila kuinua macho kwenye beseni, "Muulize mwanao." Dobi akamwambia. Hakumwambia yote. Alimwambia wamemshika mwalimu kwa ajili ya lile dole.

Mama hakulia. Aliweka sahani chini, akajitanda, akatoka. Alikwenda peke yake kwenye ofisi ya Chama, na njia ile ina mashimo. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na vumbi magotini na alizungumza kwa mshangao.

"Wamenipa kiti," alisema. "Wamenipa na maji baridi ya kunywa. Nikawaambia dole ni langu, nikawaonyesha na kovu. Wakasema ndiyo mama, tunajua, nenda kapumzike. Nikawaambia basi nikamateni mimi. Wakacheka. Wakaniita bibi yetu. Nimekaa mpaka wakafunga mlango."

"Mama, wameshakusikia."

"Hawakunisikia. Wangenisikia wasingenipa maji."

Jua lilipoanza kulegea tarishi alikuja na redio ya ofisi, kubwa, ya betri, na salamu za Katibu. Kwamba mtaa huu usikilizie matokeo hapa, kwenye baraza la Dobi, kwa heshima ya utumishi wake. Akaitundika kwenye msumari wa kutundikia makoti, akaondoka na suti. Watu wakaja na vigoda na watoto. Wengi walikuwa wameona mwalimu akichukuliwa. Hakuna aliyemtaja. Walimsalimia Dobi kwa heshima mpya, heshima ya mtu anayesogea ili usimguse.

Mtangazaji alisoma wilaya baada ya wilaya, sauti yake ikipanda kila mara kwenye neno ndiyo. Ilipofika zamu ya wilaya yao watu walinyamaza hata watoto. Waliojiandikisha wote wamepiga kura, akasema. Na wote waliopiga kura wamesema ndiyo. Asilimia mia moja. Hakuna kura hata moja ya hapana.

Kelele ziliinuka. Wanawake walipiga vigelegele, mtu akapiga sufuria, kijana mmoja wa drafti akambeba mwenzake mabegani. Katikati ya yote hayo mama alikuwa amesimama mlangoni, uso umekunjamana kama mtu anayetafuta soksi ya pili. Akamshika mwanawe mkono.

"Amesema hakuna hata moja?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na ile yangu?"

"Mama, ingia ndani."

"Ngoja kwanza unieleze, mimi sikusoma." Hakunong'ona. Sauti yake ilikuwa ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bomba. "Kama yangu haikuwapo, kijana wa watu wamemshikia nini? Na kama ilikuwapo, mbona hawakuisoma?"

"Mama, nyamaza," mke wa Dobi akasema kutoka ndani.

Watu wa karibu walikuwa wameanza kugeuza shingo. Yule kijana akamshusha mwenzake mabegani. "Nauliza tu," mama akasema, kwa sauti zaidi, sasa akiwauliza wote, "kwani kuuliza ni vibaya? Kama kura haipo, mwalimu yuko ndani kwa lipi?"

Dobi alinyoosha mkono wake juu ya vichwa vya watoto, akakizungusha kitufe cha redio hadi mwisho. Bendi ya jeshi ilikuwa imeanza kupiga. Kipaza sauti kilikwaruza, bati la baraza likatetemeka, na watu wakageuka tena kuitazama redio. Aliiona midomo ya mama yake ikiendelea kuuliza. Akaanza kupiga makofi.